Pedi, marejesho na mazombi: lipi kweli, lipi uongo?

Mwanamume wa miaka 40 akikaa baa saa tatu mfululizo akitazama Ligi Kuu ya Uingereza, hakuna anayemuuliza atakua lini. Dada yake akifuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, nyumba nzima inanyamaza ili asikose neno. Lakini mmoja wao akishika pedi ya PlayStation, au akisema mezani kwamba jana usiku alikuwa anawakimbia mazombi ndani ya hospitali iliyotelekezwa, macho yote yanamgeukia. Mtu mzima mwenye kodi ya nyumba, ada za shule na marejesho ya kikoba, bado yuko huko?

Yuko huko, na wenzake ni wengi. Nimekusanya hapa madai yanayosikika kazini, kwenye vikao vya ukoo na vijiweni. Mengine yanatoka kwa wachezaji wenyewe, maana nao wana uongo wao.

"Gemu ni za watoto"

Uongo, na umekuwa uongo tangu mwanzo. Mashine ya kwanza ya Pong, gemu ya Atari iliyoitia moto biashara hii mwaka 1972, iliwekwa kwenye baa inayoitwa Andy Capp's Tavern huko Sunnyvale, California. Waliotumbukiza sarafu walikuwa watu wazima walioshika glasi. Watoto walikuja baadaye, na kwa kuwa matangazo yaliwalenga wao, dunia ikadhani walikuwapo peke yao.

Kisha watoto hao wakakua. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1994. Vijana waliokuwa wakilipia zamu zao kwenye vibanda vya gemu vya mtaani leo wana watoto wanaosoma sekondari. Nchini Marekani, chama cha watengenezaji gemu, ESA, kimekuwa kikitangaza kwa miaka mingi kwamba umri wa wastani wa mchezaji ni thelathini na kitu. Japani yuko Hamako Mori, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuanza kucheza akiwa amevuka miaka 50. Mwaka 2020, akiwa na miaka 90, Guinness walimtambua kuwa ndiye mkongwe kuliko wote wanaorusha gemu YouTube.

Na sisi tusijifanye tunashangaa sana. Pita barazani Mji Mkongwe au Lamu alasiri uangalie ni akina nani wamelizunguka bao.

"Wanawake hawana habari na mambo hayo"

Uongo. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa kucheza Tekken mwaka 2018, huku akisoma sheria. Tuendelee.

"Ukishapata familia, muda wa gemu umekwisha"

Uongo, ila wanaosema hivyo kuna kitu wamekiona. Muda haujaisha. Kilichoisha ni muda usiokatizwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hebu tuutazame usiku wa mtu mzima wa Dar es Salaam. Foleni imemshusha nyumbani saa mbili. Kuna chakula, kuna hesabu za darasa la nne ambazo mtoto amezikumbuka wakati wa kulala, kuna simu kutoka kijijini kuhusu mchango wa harusi. Ikifika saa nne, ana saa moja yake mwenyewe, labda na nusu. Ndani ya saa hiyo mtoto anaweza kuamka na homa, umeme wa LUKU unaweza kuisha, jirani anaweza kugonga geti. Akiwa na miaka 19 angeweza kuchagua gemu kwa kutazama picha zake tu. Sasa swali la kwanza ni hili: je, gemu hii inakubali kukatizwa?

Wachezaji wanaambiana mengi kuhusu michoro na ramani, lakini hili hawaambiani, na ndilo linaloamua amani ya nyumba. Gemu ya hadithi inayochezwa na mtu mmoja husimama ukiisimamisha. Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, inalala kwa kubonyeza kitufe kimoja na kuamka palepale ulipoishia, hata kama ni kesho kutwa. Mechi ya mpira wa EA Sports FC yenye vipindi vya dakika sita sita huisha kabla ya ugali kuiva, na ukicheza na mashine yenyewe unaisimamisha upendavyo. Zamani haikuwa hivyo. Resident Evil ya mwaka 1996 ilikutaka utafute taipureta ndani ya jumba, tena uwe na utepe wa wino, ndipo uweze kusevu. Huna utepe, hutoki. Watu walichelewa kulala bila kunogewa, eti tu kwa sababu mlango wa kutokea walikuwa hawajauona.

Upande wa pili kuna gemu za mtandaoni za makundi. Mechi ya Dota 2 huweza kuchukua dakika arobaini au zaidi, haisubiri hadi mtoto wako anyamaze, na wenzako wanne wanakutegemea. Ukiondoka katikati unaadhibiwa na mfumo. Usipoondoka unaadhibiwa na mama mtoto. PUBG Mobile ni afadhali kidogo kwa sababu mtu asiye hodari hufa mapema. Sizilaani gemu hizi. Ninachosema ni kwamba Dota ya Jumanne usiku, mtoto akiwa na miezi minne, ni ahadi ambayo hukuwa na haki ya kuitoa kwa watu wanne usiowajua.

Halafu kuna Civilization, ambayo haingii kundi lolote. Inachezwa kwa zamu, kwa hiyo unaweza kuiacha sekunde yoyote. Kwenye karatasi ndiyo gemu bora kwa mzazi. Kwa kweli inajulikana duniani kote kwa maradhi ya "zamu moja tu," na zamu hiyo moja inakufikisha alfajiri. Toleo la nne, la mwaka 2005, linafunguliwa na wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, Sala ya Bwana ikiimbwa kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Sijui gemu nyingine inayoanza kwa sala na kumfanya mtu akose ibada ya asubuhi.

"Gemu huvunja ndoa"

Nusu kweli, na nusu iliyo kweli si ile tunayoidhania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wanandoa 349 waliokuwa na mchezaji wa gemu kubwa za mtandaoni ndani ya nyumba, mmoja au wote wawili. Mtu angetarajia wahesabu saa na kusema saa ndizo zenye makosa. Haikuwa hivyo. Kilichohusiana na ndoa kuzorota ni ugomvi kuhusu gemu, na utaratibu wa kulala uliovurugika: mmoja anapanda kitandani, mwingine yuko sebuleni na hedifoni masikioni. Wanandoa waliocheza pamoja kwa kawaida walisema gemu imewasaidia.

Kwa nyumba zetu ningeongeza jambo ambalo watafiti wa Marekani huenda hawakulifikiria, nalo ni runinga. Familia nyingi zina moja, iko sebuleni, na ukiichukua umechukua taarifa ya habari ya shemeji, katuni za watoto na tamthilia ya saa tatu kwa mkupuo mmoja. Mtu anagombezwa kuhusu "utoto wake," lakini kinachogombewa ni rimoti. Hapo simu au kifaa cha mkononi humaliza kesi ambayo kikao cha wazee kisingeimaliza. Na kauli ya "dakika tano tu, nakuja" ifutwe kabisa. Mwenzako ameishi nawe, anajua dakika zako zina urefu gani. Saa inayojulikana na wote wawili, hata ikiwa ndefu, haina ubaya kama dakika tano za uongo.

"Anayecheza sana ni mgonjwa"

Nusu kweli. Ugonjwa upo: Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini soma vigezo. Hakuna idadi ya saa humo. Kuna kushindwa kujizuia, kuna gemu kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuna kuendelea ingawa madhara yanaonekana, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Anayemaliza gemu ya saa 60 wakati wa likizo hayumo humo. Anayepoteza kazi, anajua kwa nini, na bado anaendelea, huyo asipelekwe kwa mchungaji wala asichekwe. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Watafiti wa Oxford walifanya kitu cha maana zaidi kuliko kuwauliza watu wanacheza saa ngapi. Waliomba kumbukumbu kutoka kwa makampuni yenyewe. Gemu mbili za mwanzo zilikuwa Animal Crossing na, kwa furaha yangu, mojawapo ya zile za Plants vs. Zombies. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliocheza zaidi walijisikia vizuri kidogo zaidi. Utafiti wao mkubwa wa mwaka 2022, wenye wachezaji karibu 39,000 wa gemu saba, ukaishusha furaha hiyo: muda wenyewe ulikuwa karibu hauna athari. Kilichohusika ni sababu ya kucheza. Anayecheza kwa kuwa anataka alikuwa na hali nzuri kuliko anayecheza kwa kuwa anajiona hana budi.

Shikilia hilo la kutaka na kutokuwa na budi. Linatupeleka moja kwa moja kwa mazombi.

"Mazombi ni upuuzi wa Wazungu"

Uongo mkubwa kuliko yote, na unaniudhi kuliko yote.

Zombi alizaliwa Haiti, miongoni mwa watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, wengi wao kutoka eneo la Kongo, wakapelekwa kukata miwa kwenye koloni la Wafaransa la Saint-Domingue. Huyo zombi wa kwanza hakula nyama ya mtu. Alikuwa maiti aliyefufuliwa na mchawi ili afanye kazi shambani bila ujira, bila kuchoka na bila hiari. Mtumwa angalau alitumaini kwamba kifo kingemwachilia. Kitisho cha zombi ni kwamba hata kifo hakikuachilii. Mwaka 1929, wakati Haiti ikiwa chini ya majeshi ya Marekani, William Seabrook alichapisha kitabu kilichowapeleka Wamarekani hadithi hizo, za wafu wanaofanya kazi kwenye miwa ya kampuni ya sukari. Miaka mitatu baadaye Hollywood ikatoa White Zombie, yenye wafu wanaozungusha mashine ya kusaga miwa.

Sasa mwambie Mtanzania kisa hicho bila kutaja Haiti. Atakukatiza: huyo ni msukule. Husimuliwa hivyohivyo. Mtu anaonekana amekufa, watu wanalia, wanazika, kumbe kilichozikwa ni mgomba. Mwenyewe amechukuliwa na mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analimishwa mashamba ya tajiri ambaye kijiji kizima kinashangaa utajiri wake umetoka wapi. Sina haja ya kusema kama misukule wapo. Ninachokiona ni kwamba pande mbili za bahari watu walioonja kazi ya kulazimishwa walitunga hofu ileile, na hofu hiyo haihusu meno. Inahusu kazi.

George Romero ndiye aliyebadilisha sura. Filamu yake ya Night of the Living Dead ya mwaka 1968, iliyopigwa kwa fedha kidogo karibu na Pittsburgh, ilimwondoa mchawi, ikamfanya maiti mla watu, ikawafungia walio hai ndani ya nyumba moja hadi wakaanza kugombana. Shujaa wake, aliyeigizwa na Duane Jones, ni mtu mweusi. Anaokoka usiku kucha, asubuhi anapigwa risasi na waokoaji. Hiyo si hadithi ya watoto. (Kwa sababu jina la filamu lilibadilishwa na tangazo la hakimiliki likasahauliwa, filamu ni mali ya umma. Itazame bila kumwibia mtu.) Mwaka 1978 Romero akawapeleka wafu kwenye jengo la maduka, wanazunguka zunguka kwa mazoea. Aliyewahi kupita Mlimani City mwisho wa mwezi bila kitu cha kununua ataelewa bila kufafanuliwa.

Na sisi tumeshaingia kwenye gemu hizo, ingawa kwa mlango wa ajabu. Resident Evil 5 ya mwaka 2009 imewekwa Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi, lakini walioambukizwa wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Onyesho lake la kwanza, mwaka 2007, lilizua malalamiko ya ubaguzi wa rangi, na malalamiko yalikuwa na msingi: shujaa mweupe akimimina risasi kwenye kundi la wanakijiji weusi. Mswahili anayeicheza usiku ana tatizo la ziada. Anafokewa na zombi kwa lugha yake mwenyewe, na kwa anwani isiyo yake.

"Hata hivyo, mazombi hawana faida kwa mtu mwenye majukumu"

Uongo. Mei 2011, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha mwongozo wa kujiandaa na uvamizi wa mazombi. Watu walifurika hadi tovuti ikaelemewa. Ndani yake kulikuwa na maji, chakula kisichoharibika, dawa, nyaraka muhimu na mahali pa familia kukutana: vitu vilevile anavyohitaji mkazi wa Jangwani masika yakizidi, ila vimevalishwa kitu ambacho watu wangependa kukisoma.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha World of Warcraft, Septemba 2005. Watengenezaji waliweka ugonjwa ndani ya eneo moja la vita. Kwa bahati mbaya ukatoka humo ukiwa kwa wanyama wa wachezaji na kuingia mijini, ambako wachezaji wachanga walikufa kwa makundi. Wengine walikimbia. Wengine, wenye uwezo wa kuponya, walikwenda kusaidia. Wapo waliousambaza makusudi. Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu tukio hilo mwaka 2007 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, wakisema wanasayansi wa milipuko wana la kujifunza humo. Ilipofika 2020, tabia zote tatu tuliziona kwenye mitaa yetu.

"Nacheza ili kunoa akili"

Huu sasa ni uongo wa wachezaji. Una chembe ya ukweli: mwaka 2007 James Rosser na wenzake waliripoti kwamba madaktari wa upasuaji wa matundu madogo waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika majaribio ya mafunzo, na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Lakini walikuwa madaktari 33 tu, na hakuna anayejua kama gemu iliwapa mikono hiyo au mikono hiyo ndiyo iliyowapeleka kwenye gemu. Wewe mhasibu unayepiga mazombi saa tano usiku humfanyii mtu upasuaji. Unacheza kwa sababu unafurahi. Sema hivyo.

"Gemu ya simu ni ya bure"

Uongo, na ndiyo inayomgharimu mtu mzima kuliko PlayStation. Kuipakua ni bure. Bando si bure, daimondi za Free Fire si bure, UC za PUBG Mobile si bure. Masanduku ya bahati nasibu, ambayo unayalipia kabla ya kujua kilichomo, Ubelgiji iliyaona kuwa kamari mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za gemu yake ya mpira. Kwetu unazipata kwa kugusa skrini, mshahara ukiwa bado haujamaliza siku mbili kwenye simu.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye salio. Gemu nyingi za aina hii hukupa zawadi ukiingia kila siku, na ukikosa siku moja unarudi mwanzo. Zina orodha ya kazi za leo, kazi za wiki, tukio linaloisha Jumapili. Utamwona mtu kwenye daladala anabonyeza bila kutazama, uso hauna furaha, "namalizia tu za leo." Bosi amemwacha ofisini saa kumi na moja, na sasa amejiajiri kwa bosi wa pili asiyelipa. Hapa ndipo ningemshauri mwenye majukumu afute bila kuaga, hata kama ametumia mwaka mzima kujenga ngome yake. Gemu ya hadithi ya saa 50 inaisha na kukuachia. Hii imeundwa isiishe, na atakayeumia kwa kuiacha ni kampuni.

"Mtoto akikuona unacheza, umemharibu"

Uongo, ukiangalia kilicho kwenye skrini. Alama za umri zipo kwa ajili hiyo: ESRB ya Marekani tangu 1994, PEGI ya Ulaya tangu 2003, na nakala nyingi zinazouzwa Kariakoo zina mojawapo kwenye jalada. Wazazi wengi hununua kava bila kulisoma, kisha GTA, iliyoandikwa 18, inachezwa na mtoto wa miaka tisa huku mjomba akishangilia. Resident Evil isubiri walale. Kama mtoto anataka mazombi, na atataka, Plants vs. Zombies ya mwaka 2009 imepewa alama ya miaka 10 na kuendelea, na silaha ya kwanza ni njegere. Mpe zamu ya kupanda alizeti, na usimwambie ni dakika tano.